'Uzushi wa chuma': Kamusi zetu na karakana za nchi ya chai

Juma lililopita kijana mmoja, fundi wa vyuma karibu na Litein katika kaunti ya Kericho, aliniletea kijitabu cha kurasa 24. Jalada lina picha ya cheche za moto na chini yake maneno haya: "Misingi ya Uzushi wa Chuma". Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Prof," akaniambia, "sisi tulikisoma hivyo hivyo. Nilidhani uzushi ni Kiswahili cha ndani."

Msomaji anajua uzushi ni nini. Ni habari ya kubuni, jambo lisilo na mzizi linalosambazwa sokoni na siku hizi kwenye simu. Lakini Kiingereza kina neno moja linalobeba maana mbili: kuunda kitu kutokana na vipande, na kutunga uongo. Aliyekitafsiri kijitabu (au mashine aliyoituma kazi) alishika maana ya pili akaiacha ya kwanza. Hivyo vijana wa Bureti wanaofunzwa kutengeneza matangi na mabomba ya moshi wakajikuta, kwa mujibu wa jalada, wanasomea uongo.

Sitaitaja taasisi iliyokichapisha. Haja yangu ni maandishi, na maandishi haya nimeyasoma mara mbili, kalamu mkononi, kama ninavyosoma tasnifu za wanafunzi wangu. Nia ya kijitabu ni njema. Kwa nini kijana wa Litein au wa Mogogosiek afunzwe ufundi kwa lugha asiyoimudu, ilhali Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi? Waliokiandaa walijiuliza swali hilo na wanastahili shukrani. Kisha wakaharibu.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Chuma hupata umbo kwa njia kadhaa, na Kiswahili kilizitenganisha kitambo. Ukikipasha moto kikawa chekundu ukakipiga nyundo juu ya fuawe, unakifua. Ukikiyeyusha ukakitia katika kalibu, unakisubu. Kitenzi hicho tulikipata kwa Waarabu, na kwao asili yake ni kumimina. Ukikizungusha huku ncha kali ikikikwangua mpaka kikawa mviringo, unakikereza, na mashine ya kazi hiyo ni kerezo. Mafundi wa Lamu walikereza miguu ya vitanda kabla ya kiwanda cha kwanza cha chai kujengwa Kericho.

Lakini ukichukua mabamba, paipu na pau zilizokwisha kutoka kiwandani, ukazipima, ukazikata, ukazikunja na kuziunga ziwe kitu kimoja, hapo hufui, husubu wala hukerezi. Hapo unaunda. Neno hili si la kubuni. Pwani, jahazi huundwa. Fundi hupima mbao, huzikata, huzikunja zifuate mataruma, kisha huziunga moja kwa moja hadi chombo kikasimama juu ya mkuku wake. Badala ya mbao weka bamba la chuma, badala ya misumari weka moto wa umeme, na kazi ni ile ile. "Uundaji wa vyuma" lilikuwa limekaa palepale likingoja kuokotwa.

Ingia kiwanda chochote cha chai, kiwe Momul au Toror upande wa Kericho, au Kapkoros na Tirgaga upande wa Bomet, uangalie ni vitu vingapi vilivyoundwa kwa namna hiyo. Kuna vile vitanda virefu vya kunyaushia majani, wavu juu, hewa ikipulizwa kutoka chini, ambako majani hulala kwa saa 12 hadi 18. Kuna mikanda ya kusafirishia, mifereji ya hewa moto, vikaushio, vichungio vya kutenganisha madaraja, na bomba la moshi la boila inayokula magogo ya mikaratusi usiku kucha. KTDA ina kampuni yake tanzu ya kuunda mitambo ya chai, TEMEC. Hata hivyo kitanda kikitoboka usiku wa manane msimu wa mvua, anayeitwa mara nyingi ni kijana wa karibu mwenye mashine ya kuchomelea nyuma ya pikipiki.

(Nikiwa kwenye chai, niseme hili kisha niendelee. Hatua inayofuata kusagwa kwa majani tumeizoea kuiita kuchachusha. Hakuna chachu pale. Majani hukutana na oksijeni ya hewa yakabadilika rangi, kama tunda la tufaha lililomenywa. Kosa hilo si letu peke yetu. Waingereza nao wamekosea hivyo hivyo miaka mingi. Lakini kukosea pamoja na Mwingereza hakugeuzi kosa kuwa istilahi.)

Turudi kwenye kijitabu. Ukurasa wa 9 unazungumzia mashine ya CTC, moyo wa kiwanda, ile yenye kuponda, kurarua na kukunja majani kwa mpigo mmoja. Ilibuniwa Assam, India, mwanzoni mwa miaka ya 1930, na sehemu kubwa kabisa ya chai ya Kenya hupitia humo. Ina rola mbili za chuma kisichoshika kutu zilizokaribiana sana, zinazozunguka kuelekeana, moja ikienda kasi karibu mara 10 kuliko mwenzake. Juu ya rola kuna meno madogo makali, 8 au 10 kwa inchi. Jani likipita katikati halisagwi kama mahindi, linararuliwa.

Kijitabu kinasema meno ya rola "hulehemiwa". Hayalehemiwi. Huchongwa katika chuma chenyewe, kwanza kwa kuzungushia mfereji baada ya mfereji, kisha kwa mikato ya mshazari inayoupa kila mfereji meno. Yakidumaa, rola hung'olewa, hupelekwa karakana na kuwekwa kwenye kerezo, huchongwa upya, na kila ikinolewa unene wake hupungua. Rola butu hupasha majani joto kabla ya wakati na kuyakwaruza badala ya kuyararua. Chai inayotoka hupoteza rangi na nguvu, na mkulima wa Konoin ambaye hajawahi kuiona hiyo rola huliona kosa lake kwenye malipo ya mwisho wa mwaka. Anayeamini kwamba meno hulehemiwa, siku moja, kwa nia njema, atajaribu kuyalehemu.

Neno lehemu lenyewe linataka maelezo kidogo. Asili yake ni Kiarabu, na mzizi wake ndio huo huo wa neno lao la nyama. Ni kama kusema chuma kimeshikana jinsi nyama ya jeraha inavyoshikana. Taswira nzuri sana. Tatizo ni kwamba kamusi zetu nyingi zimelifanya neno hili litumike kwa kazi mbili zisizofanana. Ya kwanza ni ya fundi wa redio: anayeyusha risasi au bati kidogo, anaiacha igande kati ya waya mbili, na waya zenyewe haziyeyuki. Ya pili ni ya fundi wa Litein: kingo za vyuma viwili zenyewe huyeyuka, kwa joto linalopita nyuzi 1,500 za Selsiasi, zikachanganyika na chuma cha rodi na kupoa zikiwa kitu kimoja. Ya kwanza ni gundi, ya pili ni ndoa. Tangi la boila likiungwa kwa njia ya kwanza litaua watu.

Mafundi walilitatua hili zamani bila kumwita profesa yeyote. Wanasema kuchomelea. Ukiwauliza wakulima wa mnazi huko Pwani, watakwambia kuchomelea ni kuziba tobo la paa la makuti kwa kuchomeka makuti mapya kati ya yale ya zamani. Kitenzi hicho kimepanda kutoka kwenye makuti hadi kwenye chuma, na bado kinafanya kazi ile ile, kuziba na kuunga. Tanzania, vyuo vya VETA vinafundisha uchomeleaji na kutoa vyeti kwa jina hilo. Sisi Kenya neno tunalo mdomoni kila siku lakini tukishika kalamu tunaliogopa. Ama tunaandika "kulehemu" kwa sababu tumelikuta katika kamusi, ama tunaandika "welding" kwa sababu tunaona Kiswahili hakitoshi.

Sasa nifike ukurasa wa 7, ulionifanya niache kucheka.

Unahusu kuchomelea paipu na mabamba yaliyopakwa zinki, yale yanayong'aa kama mabati mapya. Asili ya Kiingereza bila shaka ilisema: ondoa tabaka la zinki pande zote za kiungo kabla ya kuchomelea. Tafsiri inasema: "Ondoa bati kabla ya kulehemu."

Kosa hili lina nasaba ndefu. Bati, kwa maana yake halisi, ni madini mengine kabisa. Lakini chuma chembamba chenye ngozi ya zinki kilipofika Afrika Mashariki tukakiita bati, tukakiezekea nyumba zetu, na jina likang'ang'ania. Mabati yetu, mpenzi msomaji, hayana bati. Ni chuma kilichovikwa zinki. Mjini neno hilo halimdhuru mtu. Anayekwenda dukani kuuliza mabati ya geji 30 anaeleweka (na anajua, au ataambiwa, kwamba geji 28 ndiyo nene zaidi, maana namba za geji zinakwenda kinyumenyume). Katika mwongozo wa usalama, jambo ni tofauti. Mwanafunzi aliyeambiwa aondoe bati aliangalia huku na huku, hakuona bati lolote, akawasha mashine.

Zinki huchemka ikafikapo nyuzi 907. Chuma bado hakijaanza hata kuyeyuka. Kwa hiyo kabla ya kiungo kushika, zinki imekwisha kuwa mvuke, na mvuke ukikutana na hewa hugeuka moshi mweupe mzito. Ukiuvuta kwa muda, hutasikia lolote saa ile ile. Saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku, unaanza kutetemeka, homa inapanda, kinywa kina ladha ya chuma au utamu wa ajabu, kiu haiishi, viungo vinauma. Baada ya siku moja au mbili inaondoka yenyewe. Mafundi wazoefu wanaijua, wanaiita homa ya welding.

Kijana wangu alikuwa mwanagenzi wakati huo. Alishinda siku nzima akichomelea paipu hizo ndani ya banda lisilo na dirisha. Usiku mama yake alimfunika mablanketi matatu. Asubuhi alipelekwa kwenye zahanati, akaulizwa maswali mawili, akapewa dawa ya malaria. Aliporudi karakana mkubwa wake alimwambia anywe mursik nyingi kabla ya kazi, kwamba maziwa huvuta sumu. Maziwa hayavuti chochote. Moshi unakwenda mapafuni, mursik inakwenda tumboni. Aliugua mara tatu mwaka huo, na mara zote tatu akatibiwa malaria.

"Hakuna mtu alikwambia ni zinki?" nikamwuliza.

"Mzee, kitabu kilisema bati. Mimi bati najua ni ya nyumba."

Nimekaa katika makongamano ya istilahi zaidi ya miaka 30, na nakiri kwamba mengi yalifanyika katika hoteli zenye bustani nzuri. Tulikuwa tukigawana herufi: wewe A mpaka F, mimi G mpaka M. Mimi mwenyewe niliwahi kupendekeza "kiungamoto" kwa mashine ya kuchomelea, na kikao kikapiga makofi. Sijalisikia neno hilo tena hadi leo nilipoliandika hapa. Hakuna aliyewahi kutoka kikaoni akavuka barabara kwenda kwenye banda la jua kali kuwauliza wenye mashine wanaiitaje.

Si kwamba kazi haikufanyika. Mwaka wa 1987 Taasisi ya Ubunifu wa Uzalishaji katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya kiufundi ya Kiingereza na Kiswahili iliyoandikwa na Rajmund Ohly, Mpolandi aliyeipenda lugha hii kuliko wengi wetu. Ilikuwa hatua kubwa, kamusi ya karakana kutoka katika taasisi ya watu wa karakana. Ninayo nakala iliyochakaa. Katika karakana zote nilizotembelea kati ya Kericho mjini na Bomet, sijaikuta hata moja, na wala sishangai.

Wenzangu watanijibu kwamba mafundi wanajimudu kwa Kiingereza chao, "leta hiyo plati, kata hapa, grindi pale", kwa hiyo tuwaache. Nakubaliana nao nusu. Sina ugomvi na plati, rola, geji, beringi wala grinda. Maneno hayo yamekwisha kupewa ngeli, yanapokea viambishi bila kulalamika, na anayetaka kuyafukuza atafute kwanza kazi ya kufanya. Ndiyo maana siwatetei pia wale wanaotaka kila mtu aseme jiriwa badala ya vaisi. Jiriwa ni neno zuri, litumike, lakini fundi anayesema vaisi hajakosea na hajaumiza mtu. Ugomvi wangu ni pale neno linapoficha tofauti iliyo muhimu kwa mwili wa mtu. Kuchomelea na kulehemu. Zinki na bati. Kuchonga meno na kuyaunga. Hapo kunyamaza kwa kisingizio cha kuwaheshimu mafundi ni uvivu wetu tu.

Wengine watasema ufundi wa chuma ni mgeni kwetu, ndiyo maana lugha inayumba. Hilo silikubali hata nusu. Wakipsigis walikuwa na wahunzi wao, kitongik, na mtu hakuenda vitani wala shambani bila kupitia kwao. Ng'ambo ya Ziwa Victoria, Wahaya wa Kagera waliyeyusha chuma cha pua kwa tanuri za udongo na mivukuto. Peter Schmidt na Donald Avery waliandika juu ya ufundi huo katika jarida la Science mwaka wa 1978. Lugha zetu zilikaa na moto tangu zamani.

Na hii si mada ya wazee kujifurahisha. Katika nchi ya chai neno mashine limekuwa chungu. Mei 2023 waandamanaji huko Kericho waliteketeza mashine za kuchuma majani chai, kwa sababu kila mashine moja iliyoingia shambani ilikuwa na watu waliotoka. Watoto wa wachumaji hao ndio wanaojazana katika mabanda ya kuchomelea kando ya barabara. Hii ndiyo kazi iliyobaki, na vitabu vyake tunaviandika hivi.

Nisije nikaonekana mchoyo wa sifa. Sura ya nne ya kijitabu, ya kupima na kuweka alama, ni nzuri kweli kweli. Inasema guni, bikari na timazi bila kuomba radhi. Inaeleza kwa nini mstari wa kukata uchorwe kwa ncha kali wala si chokaa, maana chokaa ina unene na unene huo utaukuta kwenye kiungo. Sentensi zake ni fupi. Ni dhahiri kwamba iliandikwa na mtu mwingine, aliyewahi kushika rula ya chuma baridi asubuhi ya Kericho. Laiti angepewa kurasa zote 24.

Kwa maana zilizobaki ni balaa. Kifaa cha kukatia hesi kimeitwa "bomba na kufa". Mashine ya kukunjia mabamba imekuwa "breki ya kukunja", kana kwamba kuna gari linalosimamishwa. Nayo ile hesabu ya urefu unaohitajiwa na mkunjo (kwa kuwa bamba likikunjwa hunyooshwa upande wa nje na kubanwa upande wa ndani, lazima fundi akadirie kabla ya kukata) imeandikwa "posho ya kukunja". Vijana walimwuliza mwalimu posho hiyo italipwa lini.

Jumamosi tulikaa na kijana yule karakanani tangu asubuhi, kijitabu mezani kati yetu. Alinikaribisha kwa "Chamgei, Prof", akanipa kiti cha pekee kilichokuwa na mgongo. Jalada tumelibadilisha: "Misingi ya Uundaji wa Vyuma". Ukurasa wa 7 sasa unasema: "Kwangua zinki yote pande zote mbili za kiungo mpaka chuma cheusi kionekane. Fanya kazi mahali penye upepo. Ukipata homa usiku, mwambie daktari umechomelea zinki." Sentensi ya mwisho ni yake.

Ukurasa wa 11 bado haujakwisha. Bamba likikunjwa kisha likaachiliwa, hujirudi kidogo, na ukitaka pembe ya nyuzi 90 inabidi ulikunje zaidi ya hapo. Mimi nilipendekeza tuite "mrejeo". Akatikisa kichwa. Wao husema chuma kimekataa. "Hii geji 16 inakataa kidogo," akanionyesha, akilibana bamba kwenye vaisi na kuliachia, "lakini ile ya kutoshika kutu, hiyo inakataa sana." Nilimweleza kwamba kukataa ni kitenzi chenye kazi nyingine nyingi na kwamba istilahi hupendelea nomino. Akanisikiliza kwa adabu, akalikunja bamba tena. Hatujaafikiana.